Hapana Thelathini na Nane

Mwaka 1953 nilisaidia kuua watu wawili, na silaha yangu ilikuwa kalamu.

Sikumchoma mtu kisu. Sikumpiga mtu ngumi. Nilihesabu karatasi tu, nikaandika jumla chini, nikapiga mstari kwa rula.

Wiki saba baadaye nilikuwa nimepiga magoti chini ya ardhi, nakusanya mguu wa rafiki yangu kwenye karai.

Kaa vizuri nikueleze.

Naitwa Kalisti, mtoto wa Didia, Shinyanga. Darasa la mchana sikuliona. Mchana nilichunga ng'ombe wa baba, na nilipopata nguvu nikaenda kupiga sururu. Kusoma nilisoma jioni, shule ya watu wazima ya misheni, mikono bado ina malengelenge ya kazi. Kiingereza nilikipata kwenye kamusi ya kuazima, ukurasa mmoja kila siku.

Sisemi hivi kwa kujisifu. Basi, kidogo kwa kujisifu.

Wakati huo nilikuwa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Jina lake tuliache lipumzike. Nilianza na karai, nikaishia karani na mkalimani wa darasa la baruti.

Darasa la baruti ndilo lililokuwa chuo chetu kikuu. Wiki sita, na mtihani. Ukifaulu unapewa cheti chenye muhuri, na kuanzia siku hiyo hata wake za watu wanakuita Fundi. Watu walitoka Kahama, Bukoba, Kigoma, wakalala sakafuni miezi kadhaa wakingoja nafasi.

Mwalimu alikuwa Mzungu mwenye filimbi shingoni. Sisi tulimwita Bwana Filimbi.

Baruti aliijua kama mama anavyojua uji. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa cha kuokoteza, nusu cha jikoni, nusu cha matusi.

Sasa shika jambo hili moja, maana hadithi yote imelala hapa.

Fundi baruti anajaza matundu kumi kwenye mwamba. Anawasha tambi, anakimbia, anajificha, anahesabu milio. Matundu kumi, milio kumi. Akisikia tisa, ujue moja imelala ndani ya mwamba, nzima, inasubiri.

Mtoboaji wa zamu inayofuata akiigusa hiyo kwa chuma cha mashine, hapati hata nafasi ya kumwita mama yake.

Kwa hiyo fundi anapotoka, nyapara wa zamu inayoingia anamwuliza swali moja mdomoni mwa handaki:

"Hakuna iliyolala?"

Siku ya kwanza Bwana Filimbi alipotuuliza swali hilo darasani, akatuambia tujifanye milio yote kumi imetimia. Tukajibu kwa pamoja, "Ndiyo."

Ndiyo, hakuna. Ni kama ulivyosema. Hata mtoto wa Kisukuma anayejifunza Kiswahili sokoni anajibu hivyo.

Mzungu akageuka mwekundu. Kwao ukiulizwa hakuna, na kweli hakuna, unajibu hapana.

"Ndiyo maana yake ipo, pumbavu. Sema hapana."

Akaleta fimbo ya mwanzi. Kila aliyesema ndiyo alikula ya mgongo. Na ukijaribu kuongeza neno, labda "Ndiyo Bwana, hakuna," unakula mbili. Alitaka neno moja, kwa sababu mdomoni mwa handaki kuna kelele.

Kufikia Ijumaa darasa zima liliimba hapana kama litania ya kanisani.

"Hakuna iliyolala?"

"Hapana."

Filimbi inalia. Umefaulu.

Tatizo ni kwamba fimbo inafundisha mgongo. Moyo unabaki na lugha yake.

* * *

Mwaka huo watu walianza kuumia. Mwezi wa pili fundi mmoja wa Kahama, Eustace, alipofuka macho yote mawili. Mwezi wa nne kijana wa Kigoma alikatika mkono begani.

Wakubwa wa kampuni wakashtuka. Wakaleta barua: waulizeni waliomaliza darasa hilo, na walio darasani sasa, kama mafunzo yana kasoro.

Wazo zuri. Hata leo nasema lilikuwa wazo zuri.

Bwana Filimbi akaandika swali kwa Kiingereza chake kifupi, akanipa nilitafsiri. Nikalitafsiri neno kwa neno, nikiona fahari, maana sikufungua kamusi hata mara moja:

*Mafunzo hayana kasoro?*

Chini yake maneno mawili: *Ndiyo. Hapana.* Weka alama kwenye moja, andika jina lako.

Watu arobaini na mmoja walijaza.

Nikahesabu. Ndiyo tatu. Hapana thelathini na nane.

Bwana Filimbi alisoma jumla yangu akacheka mpaka filimbi ikaruka kifuani. "Thelathini na nane wanasema hakuna kasoro. Hawa watatu wakorofi ni nani?"

Majina yalikuwepo. Wawili walirudishwa kubeba karai. Wa tatu alikuwa rafiki yangu Athanas, fundi wa mwaka mzima, mtu mpole wa kunyoosha shati lake chini ya godoro. Akavuliwa ufundi, akatupwa kwenye zamu ya nyapara Marcel akashike mashine ya kutoboa.

Mimi nikapewa saa ya mkono, mkanda wa ngozi.

Niliivaa mpaka bafuni.

* * *

Sasa ile siku.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa ofisini napanga vyeti. Ardhi ikatetemeka wakati ambao haikupaswa kutetemeka.

Mtu akizoea mgodi, anajua mlio wa kazi na mlio wa msiba. Huu ulikuwa mmoja, mfupi, kama mlango uliofungwa kwa hasira.

Nilishuka na waokoaji. Moshi ulikuwa mzito hadi taa zetu zilionekana kama viini vya mayai.

Mihayo, kijana aliyekuwa akishika chuma, hakuwepo. Namaanisha hivyo hivyo, hakuwepo. Ukutani kulikuwa na kitu kama matope mekundu, na kofia yake imebonyea ndani ya mwamba.

Athanas alikuwepo nusu. Macho yake yalikuwa wazi, na shati lilikuwa safi upande wa kushoto.

Nyapara Marcel alikuwa nyuma yao hatua kumi. Kipande cha jiwe kilikuwa kimeingia kwenye jicho lake la kulia na hakikuwa kimetoka. Alikuwa amesimama, ameshika uso, anasema neno moja tu tena na tena.

"Alisema hapana. Nkwabi alisema hapana."

Nkwabi ndiye fundi wa zamu iliyotangulia. Na Nkwabi, jamani, ni mume wa dada yangu Apolonia. Shemeji yangu wa damu, kama shemeji anaweza kuwa wa damu.

Tulipopanda juu na karai zimefunikwa magunia, wachimbaji walikuwa wamekwishampata.

Alikuwa anakula viazi nje ya bweni. Hakujua lolote. Aliyemfikia kwanza alimpiga kwa mpini wa sururu mkononi, na mfupa ulitoka nje ya ngozi mweupe kama muhogo uliomenywa. Wa pili akampiga jiwe la mgongo. Wa tatu akapanda juu ya kifua chake akaanza kuruka.

"Muuaji. Ulimwambia Marcel hapana."

"Nilimwambia," Nkwabi alikuwa anasema huku damu inamtoka puani. "Nilimwambia kweli."

Anajitetea kwa kukubali. Nani angemwelewa? Wakampiga zaidi.

Askari wa mgodi walifyatua risasi mbili hewani, ndipo wachimbaji wakamwachia.

Pantaleo, kaka wa Mihayo, hakuwa amempiga. Alikuwa amesimama pembeni na lile karai lenye gunia. Alilitua polepole, akamfuata Nkwabi machela ikiwa inabebwa, akainama sikioni kwake.

"Mimi sikupigi hapa. Nitakufuata kwenu. Nataka mama mkwe wako aone."

* * *

Hospitali ya mgodi walimfunga Nkwabi mkono kwa mbao. Wakubwa wakatangaza: kikao baada ya siku kumi na mbili. Ikithibitika alidanganya, anakabidhiwa polisi kwa kuua. Kwa sasa arudi kwao, mgodini hawawezi kumlinda.

Nilimkuta kabla lori la kumpeleka Didia halijaondoka. Nilikuwa na hasira naye. Athanas alikuwa rafiki yangu.

"Shemeji," nikamwambia, "milio ilikuwa mingapi?"

"Tisa."

"Ulisikia tisa, ukamwambia Marcel hapana?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulimdanganya?"

Alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Kalisti, we vipi? Aliniuliza, hakuna iliyolala. Nikamwambia hapana. Yaani si kweli kwamba hakuna. Imelala. Nikamwonyesha na kidole, kushoto chini."

"Kwa nini hukusema imelala?"

"Neno moja," akasema. "Si mlitufundisha neno moja?"

Marcel alisikia hapana ya darasani. Nkwabi alisema hapana ya mama yake. Neno moja, watu wawili, na katikati yao baruti.

Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa naona kitu kingine.

Nilikuwa naona karatasi.

* * *

Kabati la vyeti nilikuwa na ufunguo wake. Nikazitoa zile karatasi arobaini na moja, nikaanza kuzunguka mabweni. Mtu mmoja mmoja.

"Kaka, hii ni alama yako. Uliulizwa mafunzo hayana kasoro, ukaweka hapana. Ulimaanisha nini?"

Wa kwanza: "Nilimaanisha yanayo."

Wa pili: "Si kweli kwamba hayana. Yamejaa."

Wa tatu alicheka. "Karani, hata wewe unauliza? Swali lile la mdomoni mwa handaki litatumaliza. Nilidhani mmesoma mkanyamaza."

Niliuliza ishirini na sita. Ishirini na wanne walisema vilevile. Watu walikuwa wametuambia kuna kasoro, na jina la kasoro wangelitaja kama kuna mtu angewarudia kuwauliza. Nasi tukawapongeza kwa kuturidhia.

Nikapata lori la pamba linalopitia Kahama kwenda Shinyanga. Kahama nikashuka kumwona Eustace, yule aliyepofuka. Mkewe Philomena alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kama umeleta pole za kampuni, zirudishe. Hazipikiki."

Eustace alinyoosha mkono hewani akanitafuta uso. Nikampa. Nikamwuliza, siku ile ulipoingia, fundi aliyetoka alijibu nini?

"Hapana," akasema. "Alisema hapana, nami nikaingia. Baadaye akaja hospitali analia, ananiambia, kaka mbona mlipita, niliwaambia."

"Mbona hukusema haya kwa mtu?"

"Nani aliuliza? Zile karatasi zenu zilikuja nikiwa huku. Kipofu hajazi karatasi."

Philomena hakuinua kichwa. "Mlikuwa mnawauliza wazima kama mgodi unaumiza."

Niliondoka bila kuaga vizuri.

* * *

Lori lilinishusha Didia mchana, jua la utosi. Kabla vumbi halijatulia nikasikia sauti ya mama yangu.

Mama yangu, Scolastika, hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alimzika baba bila kelele. Nikatupa mfuko, nikakimbia.

Uani pamba ilikuwa imemwagika, na juu ya weupe wake kulikuwa na damu kama mtu amemwaga mchuzi.

Pantaleo alikuwa amefika.

Alikuwa amemkata Nkwabi mara moja. Nkwabi alikinga kwa mkono mzima, ule usiovunjika, na vidole viwili vilikuwa chini kwenye pamba. Apolonia dada yangu alikuwa ameng'ang'ania mguu wa Pantaleo, anaburutwa. Mama alikuwa ameshika mchi wa kinu. Alimpiga Pantaleo mgongoni, mlio kama wa ngoma, na Pantaleo hakugeuka hata kutazama.

Nilimrukia. Akanigonga na bapa la panga kwenye taya. Meno matatu yalitoka, mawili nikayatema, moja nikalimeza.

Nilianguka nikiona nyota mchana.

Alimkalia Nkwabi kifuani. Akaweka panga shingoni, akalibonyeza mpaka ngozi ikafunguka kidogo.

"Sikuui kimya kimya," akasema. "Nataka useme mwenyewe, mkeo asikie. Wewe hukumuua mdogo wangu?"

Nkwabi akafumba macho.

"Hapana."

Panga likapanda juu.

Na pale juu likakaa.

Nilimwona Pantaleo usoni. Nilimwona anavyolisikiliza lile neno, analigeuza, kama mtu aliyepewa sarafu asiyoijua. Paji la uso wake lilikunjana.

"Hapana ipi?" akauliza.

Akamshika Nkwabi ukosi wa shati.

"We mwanaharamu, hapana ipi? Hapana umemuua, au hapana hukumuua?"

Nikainuka na mdomo umejaa damu. Nilisema polepole ili nisikike.

"Pantaleo. Umesikia neno moja na ulikuwa karibu kuua. Marcel alisikia neno hilohilo, akamwingiza Mihayo ndani. Wewe umepata nafasi ya kuuliza hapana ipi. Marcel hakufundishwa kuuliza. Ulizo hilo ndilo lililokosekana darasani."

"Usinichezee maneno, karani."

"Nkwabi alisema imelala. Alisema kwa hapana. Tulimpiga mgongo wiki sita asiweze kusema vingine."

Mama alisogea na mchi wake mpaka akasimama juu ya kichwa cha Pantaleo. Akasema kwa upole kabisa, "Baba, shusha hicho kitu, au nitakupasua kichwa kama boga, halafu nitakulilia."

Sijui ni upole au ni mchi. Panga lilishuka.

Pantaleo aliinuka, akatembea hatua nne, akatapika. Kisha akavua shati lake mwenyewe, akarudi, akapiga magoti, akaufunga mkono wa Nkwabi. Alifunga vizuri sana. Alikuwa analia kama beberu anayechinjwa.

* * *

Siku ya kikao wakubwa waliweka meza nje ya ofisi. Wazungu watatu na Bwana Filimbi. Waliomaliza darasa walisimama upande mmoja, wote waliopatikana. Nkwabi aliletwa na askari, mikono yote miwili imefungwa. Pantaleo alikuja kwa hiari yake.

Nilieleza. Niliweka karatasi mezani. Bwana Filimbi akasema kwa Kiingereza kwamba karani wake amepigwa kichwani, na kwamba ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, kwa kila kiumbe cha Mungu.

Mkubwa aliyekuwa katikati alikuwa mzee mwenye subira. Alijua Kiswahili kidogo. Akamgeukia Pantaleo, nadhani alitaka kupoza mambo kwanza.

"Wewe ndugu wa marehemu. Hujamsamehe huyu mtu?"

"Ndiyo," akasema Pantaleo.

Mzee akatabasamu, akaandika.

Nikasogea. "Bwana, umeandika nini?"

"Kwamba amemsamehe."

Kikapita kicheko kati ya waliomaliza darasa. Kicheko kibaya, cha watu waliozika.

"Mwulize tena, Bwana. Na usikae karibu naye."

Pantaleo hakungoja kuulizwa. "Nimesema ndiyo. Ndiyo, sijamsamehe. Naendelea kujaribu."

Kalamu ya yule mzee ilisimama palepale.

Akazivuta zile karatasi. Akazipanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akizisoma upya kila moja kama barua iliyochelewa. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Thelathini na nane," akasema. "Walituambia thelathini na nane."

Bwana Filimbi alitazama chini. Baadaye, mbele ya watu wote, aliivua filimbi yake shingoni akaiweka mezani. Sikutegemea. Mtu anaweza kukupiga fimbo wiki sita na bado akawa na haya.

Nkwabi aliachiwa siku hiyohiyo.

Darasa likabadilishwa, na waliolibadilisha ni waliomaliza. Walikaa siku tatu na wakubwa. Walibishana mpaka wakatukanana. Walichokubaliana kilikuwa rahisi hadi kinachoma.

Swali la mdomoni mwa handaki likawa: "Zimelala ngapi?"

Jibu ni namba. Unaisema, unaionyesha kwa vidole, na nyapara anairudia. Zaidi ya hapo sema uwezavyo, maneno hayana fimbo.

Na kila fundi, miezi mitatu baada ya kupata cheti, alirudi darasani siku nzima. Alisimama mbele akawaambia wanafunzi: haya niliyofundishwa yalinisaidia, haya yalitaka kuniua. Bwana Filimbi alikaa nyuma na daftari, anaandika.

Nkwabi alirudi kazini. Watu walimtania, "Nkwabi asitege matundu zaidi ya manane, vidole havimtoshi." Naye anacheka, "Nikizidiwa nitatumia vya miguu."

Miaka kumi na mmoja niliyokaa pale baada ya hapo, hatukumzika mtu mwingine kwa baruti iliyolala.

Mimi nilipandishwa nikawa mwalimu msaidizi. Walisema nina akili ya kugundua.

* * *

Kwa nini naandika leo, uzee umenikalia hivi?

Mjukuu wangu Euphrasia anafundisha chuo kikuu. Juzi alikuja na kompyuta yake, ana furaha. Wanafunzi wake wamejaza fomu ya kuisema kozi, ili idara iamue kama ibadilishwe au ibaki.

"Babu, asilimia tisini na mbili."

"Swali linasemaje?"

Akanisomea. *Je, hukuona upungufu wowote katika kozi hii? Ndiyo. Hapana.*

"Na hao tisini na mbili wamejibuje?"

"Hapana," akasema, anatabasamu.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye saa. Bado ninayo. Haitembei tena.

Nikamwambia: mjukuu wangu, ichane hiyo. Waulize, "Upungufu upi umeuona?" Kisha ufunge safari, uwatafute waliokwisha maliza, huko kazini kwao, wanakohangaika na cheti chako. Wao ndio wanajua ulichowafundisha kweli. Na uwarudie. Asiyerudi kuuliza hakutaka kujua.

Akanisikiliza. Akaniuliza nimeyajulia wapi haya. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi.

Yote, isipokuwa jambo moja. Hilo nawaambia ninyi, maana hamnijui uso.

Mnamkumbuka Athanas, yule wa shati lililonyooka. Siku aliyovuliwa ufundi, alikuja ofisini kwangu jioni. Alisimama mlangoni amekunja kofia.

"Kalisti," akasema, "mimi nimeweka ndiyo. Ndiyo, hayana kasoro. Nimemsifu Bwana. Mbona nimeadhibiwa mimi, na hao waliosema yana kasoro wamepewa asante?"

Nilielewa saa ileile. Yote. Hapana zote thelathini na nane ziligeuka mbele ya macho yangu kama ng'ombe wanavyogeuka pamoja malishoni.

Kisha nikaitazama saa mpya mkononi.

"Nenda," nikamwambia. "Nitamweleza Bwana."

Sikumweleza. Wiki ya kwanza nilisema kesho. Wiki ya pili nilisema ataninyang'anya saa. Wiki ya saba nikamwokota Athanas.

Kikao kile sikukiambia hili. Niliwaambia ni kosa la tafsiri, wakanipa cheo.

Nkwabi alimwita mwanawe wa kwanza Kalisti, jina langu. Alizeeka akinisifu kwenye kila harusi kwamba nilimtoa kwenye panga. Mwaka aliokufa nilikaa naye kitandani. Alinishika kwa ule mkono wa vidole vitatu.

"Shemeji," akasema, "nimekuwa nikifikiri siku hizi. Wewe ulizihesabu zile karatasi. Na Athanas alikuwa rafiki yako. Hukujua?"

Nikamtazama machoni.

"Hapana," nikamjibu.

Alitabasamu, akafumba macho. Hakuniuliza hapana ipi.